Rangi ya Ukili

Wiki mbili kabla ya Kombe
Shaame kaja na elfu arubaini,
kazikunja ndogo ndogo mithili ya hirizi.
"Bi Kazija, jezi halisi kwa Msellem ni elfu sitini.
Nikopeshe ishirini, ntakulipa karafuu zikichumwa."

Nikatoa mguu kwenye cherehani.
Karafuu? Mwaka huu?
Mikarafuu yenyewe imenuna.

Keti, nikamwambia, tuhesabu.
Toa mlango wa banda la Faki, mia tano kila mechi,
na mechi hazikamatiki kwa vidole.
Toa bando, maana nakujua,
utabishana na watu wa Unguja hadi alfajiri.
Toa kachori za mapumziko:
mtu hawezi kufungwa na njaa na goli kwa pamoja.
Toa sabuni ya mama yako.
Kilichobaki
hakinunui hata mkono wa kushoto.

Na siku ukinunua, usinunue yenye jina mgongoni.
Jina la mtu halina dhamana.
Leo shujaa, kesho kapaisha penalti,
nawe umembeba Wete nzima
kama mtoto wa jirani anayelia.
Wangapi nimewafumua majina kwa wembe!
Gundi haitoki,
hubaki pale kama kovu la ndui.
Tena chukua pana.
Kombe huisha, kifua hukua.

Kavuta midomo kama chuchunge.

Basi nikateremsha shati la skuli la kakake,
jeupe, kola imeliwa na shingo mbili,
nikamtuma kwa Bi Mgeni msuka mikeka
alete rangi ya ukili, buluu, vikaratasi vitatu.
Tukalichemsha kwenye sufuria kuukuu,
chumvi kiganja kimoja.
Mabegani nikapitisha utepe wa njano,
masalio ya pazia la harusi ya mtu,
sitamtaja, harusi yenyewe haikudumu.
Jumla, elfu nne mia tatu.
Uzi sikuuhesabu.

Siku ya mechi banda lilijaa hadi madirishani.
Mbarouk kakaa nje, juu ya tofali,
ndani ya jezi halisi, nyeupe, ya ugenini,
kaikopa kwa Msellem hadi senti ya mwisho
na mia tano ya mlango hana.
Lebo inaning'inia kisogoni, hajaikata,
labda duka litaipokea tena.
Mechi aliisikiliza kwa makelele ya wenzake:
wakisema "oo", naye "oo",
nyuma yao kidogo,
kama maamuma aliyechelewa rakaa.

Ndani, bati, jasho, pumzi za watu.
Dakika ya themanini mvua ikapata tundu.
Dakika ya themanini na tisa
mpira ukapata wavu.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikiwa nyumbani, mkono kichwani,
jambo nililosahau kumwambia Shaame:
rangi ile haikuwekewa watu.
Ukili hautoki jasho,
ukili haukumbatiwi.

Banda zima likatoka buluu.
Buluu mashavuni, buluu kwenye ndevu za Faki,
buluu kanzu ya mtu aliyepita njia tu.
Na Shaame, kifua kinachuruzika,
akamwona Mbarouk juu ya tofali,
akamrukia kabla hajasema "hebu ngoja".

Asubuhi Mbarouk yuko mlangoni kwangu,
jezi kaishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyelala.
Nikaitandaza mezani.
Mgongoni, pale ambapo wengine huweka jina,
kiganja cha mtu, wazi, vidole vitano.

"Dawa ya madoa ninayo," nikamwambia,
"nikiianza sasa, huenda ikatoka."

Akaitazama. Akaigeuza, akaigeuza tena.
Akaniuliza kukata lebo ni bei gani.

Nikachukua mkasi.
Hiyo, nikamwambia, bure.