Kupiga Mswaki

Lugha ndiyo iliyoniponza.
Tunasema kupiga deki, kupiga pasi, kupiga rangi ukuta,
na vyote ukivipiga vinapendeza.
Basi nami, miaka kumi na miwili,
nimepiga mswaki.

Kushoto kulia, kushoto kulia,
kama mtu na msumeno butu.
Povu lilishuka na uzi mwekundu,
nikalitazama likizunguka kwenye karo,
nikasema: uchafu huo, unatoka.

Nimezaliwa Maji ya Chai.
Ukishatabasamu kusikia jina, mengine umeyajua.
Meno yangu yaliota na kahawia yake ndani;
kisima kilinipaka kabla sijajua kusema sitaki.
Bwenini, Moshi, wenzangu waliniuliza nimekula nini,
nikajifunza kucheka na kiganja.
Dukani nikachagua mswaki mgumu kuliko yote.
Nikajaribu mkaa wa kusaga. Ndimu. Magadi.
Usiku wa kuamkia usaili wa hoteli, hapa Arusha,
nilisugua hadi Ndeshi wa chumba cha pili
akagonga ukuta:
"Wewe! Sufuria gani hiyo saa sita za usiku?"

Kazi nilipata. Ya jikoni, nyuma.

Sasa maji baridi yananiingia kama simu ya alfajiri.

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la vitenge.
Tabibu anaitwa Nasieku, rika langu, barakoa hadi machoni.
Ananishikisha kioo: hapa, na hapa,
na hapa kwenye chonge la chini,
ufizi umeteremka kama soksi iliyokufa mpira,
kifundo cha jino kimebaki nje,
cha manjano, kikipigwa na baridi.
"Kilichoondoka hakioti tena," anasema.
"Hebu nionyeshe unavyofanya."
Ananipa taya la plasta.
Nikaonyesha.
Taya likamponyoka mezani, likaenda chini.

Hapo akashusha barakoa, akacheka,
nami nikaona yake: kahawia kushinda yangu,
mistari ya juu kama gome la mti.
"Ngarenanyuki," akasema. Bila kiganja.
"Hii rangi haiko juu ya jino, dada. Ni jino lenyewe.
Umekuwa ukipiga deki sakafu ya udongo.
Unadhani utafika kwenye vigae?"

Nimeshuka ngazi na mswaki laini wa elfu mbili na mia tano.
Usiku nimeushika kwa vidole vitatu, kama penseli,
nikachora viduara vidogo kwenye mpaka wa fizi,
mkono ukinitoroka kila mara,
ukitaka msumeno wake.
Chonge bado linauma. Kioo bado kinasema kahawia.

Ndeshi kagonga ukuta.
"Mbona kimya? Leo hupigi mswaki?"

"Sipigi," nimemjibu,
povu mdomoni, jeupe.