Waya Mfupi

Simu ni yangu, lakini saa tatu usiku si yangu.
Saa tatu kaka Mwinjuma anapiga kutoka Salala,
na ukumbi wetu wa Barabara ya Kumi na Sita
unaanza kupimwa.

Kioo upana wake ni kiganja changu.
Kingekuwa sinia kingetosha watu wanne;
kiganja kinataka mashavu yagusane,
na shavu la wifi yangu Mwatumu
haliwezi kusogelea bega la baba.
Mtu na mkwewe. Hata kikombe cha chai
hukiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua mbili,
ndipo baba akakichukua.

Basi nimekuwa kigingi.
Nakaa katikati ya mkeka, mkono nimeunyoosha:
kulia baba, kitini kando ya mlango, na kikohozi chake,
kushoto Mwatumu, ushungi umeshuka hadi nyusini.
Nikiinamisha simu huku, Mwinjuma anamwona babake,
yaani nusu ya babake: sikio, kofia, ukuta wa chokaa.
Nikiinamisha kule, anaona pindo la kanga
na pua.
"Sogeleaneni!" anapiga kelele,
mtu aliyekwisha kusahau vipimo vya kwao.
"Mbona mmekaa kama mna ugomvi?"

Hatuna ugomvi. Tuna adabu,
na adabu ina urefu wake
ambao waliounda simu hawakuja kuuliza Ngamiani.

Baba huanza. Anauliza joto, mshahara,
lile jino lililomsumbua tangu Mfungo Tano.
Anasema machungwa ya Muheza yameshuka bei,
habari isiyo na kazi yoyote huko Salala.
Kisha anakumbuka kitu uani.
Kila usiku baba amesahau kitu uani:
kopo, ndala, mlango wa banda la kuku.
Anaondoka, na redio anaiacha juu,
juu kuliko bei za korosho zinavyostahili.

Zamu ya Mwatumu.
Angependa aingie nayo chumbani, afunge mlango,
aseme yale ya mke na mume.
Lakini betri imezeeka, ukichomoa tu inazima,
soketi ni moja, hapa ukumbini, chini ya kalenda,
na waya hauzidi dhiraa mbili.
Basi anajikunja ukutani kama mbuzi aliyefungwa,
anatupa mgongo, anajigubika kanga yeye na simu,
na ndani ya kanga kunawaka buluu.
Ndicho chumba chake hicho.

Mimi nachambua mbaazi.
Nilizichambua hizo hizo jana.
Nasikia "mmh." Nasikia "usiseme hivyo, wapo,"
na kile kicheko ambacho mchana hakimtoki.
Nazipepeta kwa nguvu, ungo upige kelele.

Asubuhi naikuta simu ina mafuta ya nazi kioo kizima,
shavu limejichapa hapo na ushanga wa hereni.
Sijaifuta bado, baba ananiita barazani.
Anatazama barabara, hanitazami mimi.
"Hivi, mwanangu... ndevu, ameziacha au amenyoa?"

Miezi saba. Kila usiku.
Nikapima kwa macho: toka kiti chake hadi kiganja changu
ni urefu wa mtu aliyelala,
na macho yake yana ukungu tangu mwaka juzi.
Miezi saba alikuwa akiongea na rangi.
Hakusogea. Angesogea yeye,
angemsogeza na mwingine,
na Mwatumu alikwisha kufika ukutani.

Nikamtafutia picha niliyoinasa Ijumaa,
nikaikuza mpaka uso ukajaa.
Akaipokea kwa mikono miwili.
Akaipeleka mbali, akairudisha, akaipeleka,
akaileta mpaka kioo kikaanza kupata mvuke wa pumzi yake.
"Kumbe anazo," akasema. "Halafu
zina mvi."

Nikakumbuka nimesahau kitu uani.