Ziliharibika

Kuna herufi moja nimeibeba tangu Aprili.
Haina uzito. Uiweke kwenye mizani ya duka la Mpemba,
mshale hautikisiki.

Mimi ni karani wa baraza la kata, Tandale.
Kazi yangu kuandika walichosema wengine.
Siku hiyo mlalamikaji alikuwa Sikudhani Pazi, fundi cherehani;
mlalamikiwa, Mwinshehe Kondo, dalali wa minada, mstaafu;
na kati yao ukuta wa tofali za inchi sita
uliopandishwa Februari, vumbi likiwa bado vumbi,
kando ya Mto Ng'ombe.

Mvua ilipokuja, maji yaliufikia ukuta, yakausoma,
yakageuka.
Saa nane usiku yalikuwa ndani kwa Sikudhani:
sare arobaini na mbili, kola zimeshashonwa,
na cherehani nyeusi ya marehemu mama yake
tope hadi kwenye gurudumu.

Alizungumza dakika nne.
Alianza katikati, akarudi mwanzo, akataja bei,
akasahau bei, akasema "maji" mara nyingi mno.
"Nguo za watu ziliharibiwa," alisema, akakaa.

Kondo alisimama. Sauti ileile
iliyowahi kuwauzia warithi makabati ya baba yao.
"Waheshimiwa, mimi niliijengea hofu yangu ukuta.
Nani hapa hajawahi kuyaogopa maji?
Mvua haikuniomba ramani."
Wajumbe wakacheka. Kalamu yangu nayo
ilicheka mkononi.

Zamani, Mlimani, kabla ada haijanishinda,
tulisoma jinsi Wayunani wa kale walivyoyapima madhara.
Lipo lililokuja bila kutazamiwa: bahati mbaya.
Lipo lililotazamika, ila mtu hakutazama: kosa.
Na lipo la aliyejua, akatazama, akaendelea kupanga tofali:
hilo ndilo dhuluma.
Aliyeharibu bila kukusudia alilipa mara moja,
aliyekusudia, mara mbili.
Mhadhiri alichora droo tatu ubaoni.
Nilizipenda. Nilidhani dunia ni kabati.

Hawakutuambia, au siku hiyo sikuhudhuria,
anaingia droo gani anayeandika.

Maana Kiswahili chetu kina mlango wa uani.
Ukisema ziliharibiwa,
lazima mtu mmoja ageuke kuuliza: na nani?
Ukisema ziliharibika, hageuki mtu.
Kikombe kilivunjika. Pesa zilipotea. Mtoto aliumia.
Vitu vinajifanyia vyenyewe,
nasi tunatoa pole.

Ile w niliisikia. Ilipita midomoni mwake
kama mtu anayepuliza mshumaa.
Nikaandika k.

Sikuhongwa. Napenda lijulikane hilo,
ingawa sijui linanisaidia nini.
Maneno ya Kondo yalikuwa yameniganda sikioni kama kashata,
mkono ukayafuata.
Mwenyekiti akalisoma daftari langu kwa sauti:
nguo za mlalamikaji ziliharibika kutokana na mvua.
Kwa hiyo hakuna wa kulipa.
Kikao kikafungwa, tukanywa soda.

Walikuwepo pia, kati ya wale wa kale,
waliosema mdhulumu hujidhuru zaidi
kuliko anavyomdhuru aliyemdhulumu.
Niliwahi kuandika insha juu ya hilo, nikapata alama za juu.
Leo nauliza: zaidi, kwa kipimo kipi?
Silali vizuri,
lakini nalala pakavu.

Januari nilimpelekea Sikudhani kitambaa cha sare ya mwanangu.
Alimpima mabega kwa futi iliyofifia namba,
pini tatu mdomoni.
Alipozitoa alisema, "Karani, una mwandiko mzuri.
Niliuona siku ile."

Ijumaa nilirudi kuchukua. Nikamlipa mara mbili.
Akazihesabu noti polepole, kama mtu anayesoma,
akanirudishia nusu.