Kizingiti Chini ya Bwawa

Preben, hatujaonana.
Jina lako nilikuta kwenye karatasi moja
iliyopita mezani kwetu mwaka ule waya ulipokatika,
nanga ya meli ilipoukwaruza chini ya bahari:
mkulima wa viazi, Jutland, mitambo mitatu ya upepo
nyuma ya ghala.
Mimi ni Aslaug. Nalinda bwawa, Norwe.

Upepo ukivuma kwako, mimi nafunga mlango wa maji.
Ukitulia, nafungua.
Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni kahawa.

Watu wa mjini wanaiita soko.
Saa sita mchana nchi zote zinakuwa zimeshaandika,
nina hiki, nataka kile,
na mashine isiyojua bendera inagawa umeme wa kesho.
Mimi nilifundishwa neno jingine.
Alfajiri, jiko lake likizimika, bibi yangu
alikwenda kwa jirani na kisufuria cha chuma
kuomba kaa la moto,
na hakuna aliyeuliza kaa lile lilitoka kuni za nani.

Oddvar, jirani yangu mimi, ameibandika bili yake
kwenye mlango wa zizi, kondoo waisome.
"Theluji yetu, mvua yetu, mlima wetu," anasema.
"Nani kaileta bei ya Wajerumani jikoni kwangu?"
Namwambia: mwaka wa ukame, bwawa lilipobaki bakuli,
taa yako ilizimika?
Haikuzimika, anasema. Lakini nililipa.
Basi tunanyamaza, kila mtu na ukweli wake.
Kondoo wanatafuna.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo kwenye tarakimu.
Chini ya maji haya kuna nyumba.
Bibi alihamishwa akiwa na miaka thelathini na miwili,
na ng'ombe wanne, na saa ya ukutani.
Bonde likajazwa; kiwanda cha alumini kikapata moto wake.
Wale hawakuja na kisufuria. Hawakuomba.

Upepo wako ukigoma wiki mbili,
nikafungua, nikafungua, maji yakashuka,
kizingiti chake hutokea:
jiwe refu, limeliwa katikati na nyayo.
Halafu ngazi mbili.
Halafu weusi wa jiko.

Hivyo ndivyo ninavyosoma hali ya hewa ya kwenu.
Nikiuona ule weusi najua mapanga yako yamesimama
kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema,
na viazi vyako vinachemka kwa nguvu ya maji
yaliyolala juu ya kitanda cha bibi yangu.

Sisemi ili usikitike.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo wasemavyo,
lakini juzi usiku, Novemba, bwawa likiwa robo
na kila nyumba bondeni imewasha joto,
tarakimu yako ilipanda ghafla.
Dhoruba ilikuwa imefika Jutland.
Nilifunga mlango wa maji kwa kidole kimoja.
Kwenye wodi ya wazazi taa hazikupepesa.
Huko hakuna aliyejua jina lako, wala langu.

Zamu ilipoisha sikwenda nyumbani. Nilishuka.
Nilisimama kwenye kizingiti,
buti zangu ndani ya shimo la nyayo zake,
nikasubiri maji yarudi.
Yanarudi polepole mno, Preben.
Kwanza jiwe linabadilika rangi,
kisha unasikia sauti kama ya paka anakunywa.

Yalipoanza kulamba soli nikageuka.
Oddvar alikuwa juu ukingoni, amejifunga skafu hadi machoni.
Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.
Hakuitaja bili.
Alinipa mkono nipande, akauliza
kama kwenu, ng'ambo, bado unavuma.