Jina la Kukodi

Cheti changu kilining'inia Luanda, kwenye ukuta wa kemisti
nililolikanyaga mara nne kwa mwaka,
tatu kati ya hizo nikidai kodi iliyochelewa.
Fremu niliichongesha Kibuye. Kioo chake kilikuwa safi
kuliko mikono yangu.

Mimi nililala Kisumu. Jina langu lilikesha Luanda:
likafungua duka saa mbili,
likapokea karatasi za kliniki,
likahesabu vidonge kwa kisu cha plastiki,
likasema, "Kutwa mara mbili, ukishakula,"
kwa sauti ya kijana mmoja, Ombima,
ambaye, waheshimiwa wa Bodi, nakiri,
sikuwahi kumuuliza alisomea wapi.
Elfu kumi na tano kwa mwezi. Kila tarehe tano
simu ililia mfukoni: jina limefanya kazi.

Mashtaka mmeyapanga kwa herufi.
Ya kwanza, kutokuwepo. Sibishi.
Ya pili, kumwachia asiyefuzu funguo za kabati. Sibishi.
Ya dawa ya kikohozi mliyosema tuliwauzia
wavulana wa shule ile ya ng'ambo ya reli,
hapo mlikosea: walikuwa wa shule nyingine.
(Wakili aliniambia nisiliseme hili.)

Lakini nimesoma kurasa zote kumi na moja,
nikazisoma tena kwa taa,
na mzee Okwemba hana herufi.

Zakayo Okwemba, mshona viatu wa pale stejini.
Alileta karatasi ya presha. Mwandiko ulisomeka.
Ni maboksi yaliyofanana, pacha wa kiwanda kimoja,
meupe, utepe wa kijani,
moja la presha, moja la kushusha sukari,
na Mzee Okwemba sukari yake haikuwa na neno.
Akameza siku nane, kwa utiifu,
kutwa mara mbili, akishakula.
Alfajiri ya tisa Rispa alimkuta blanketi limelowa jasho,
meno yamebana, macho yako wazi
na hayamtazami mtu.

Hakufa. Mliandika "mgonjwa alipona".
Sukari ilipozama ilizama na majina.
Rispa, mke wa miaka arubaini na moja, anamwita dada.
Nyundo anaiita kile.

Nilikwenda kukitoa cheti. Ukuta wote ulikuwa mweusi
kwa moshi wa jirani akaangaye samaki,
ila pale. Mraba mweupe.
Palikuwa pasafi pale tu
nilipokuwa nimepaziba.

Sasa miezi kumi na minane imekwisha na fomu yenu inauliza:
Eleza kwa nini unastahili kurudishiwa leseni.
Mistari mitatu.
Nimeitazama mistari hiyo wiki nzima
kama mtu anayetazama mto akipima kina kwa macho.

Jana nilipanda hadi Esibuye na dawa ya presha,
niliyoinunua kaunta ya mwingine, foleni kama watu,
nikasoma boksi mara tatu, na mwenye duka akanicheka.
Rispa alinipokea mlangoni. "Usimwambie wewe ni daktari,"
akasema. "Mwambie jina, basi."

Nikamwambia. Akalirudia, akalikosea.
Tukanywa chai. Akaniuliza mimi ni nani.
Nikamwambia.
Mvua ikapita juu ya mabati, ikaenda zake Maseno.
Akaniuliza.

Kisha, bila kuomba, akaukamata mguu wangu,
akavua kiatu, akakipindua,
dole gumba likatembea juu ya soli polepole
kama linasoma.
"Hiki kimelika upande mmoja," akasema.
"Unaegemea sana. Kiache. Uje Jumatano."

Nikateremka hadi barabarani na ndara za Rispa,
ndogo, za waridi, visigino vyangu vikiburura tope.

Jumatano ni kesho kutwa.
Fomu naituma kama ilivyo.