Robo Isiyogonga

Funga lango kwanza, bwana, ndipo tusalimiane.
Mbweha wa bonde hili hapigi hodi.
Ndiyo, mimi ndiye Clorinda Huenuqueo,
na hao unaowachungulia kupitia waya
ndio kuku wa mayai ya buluu
waliokutoa Valdivia na viatu vya kutembelea lami.

Usinitajie bei kabla hujashika.
Shika. Si hivyo. Mkono chini ya kifua,
vidole katikati ya miguu, atulie.
Umeusikia moyo? Unakimbia
kuliko mvua ya Julai juu ya bati langu.
Sasa papasa nyuma. Hakuna mkia.
Hakunyofolewa, haumwi; ndivyo walivyo,
wanaishia ghafla
kama maneno ya mtu aliyekasirika.

Na hivi vishungi vya mashavuni,
kama karani aliyechomeka kalamu sikioni akaisahau,
hivi ndivyo ulivyovifuata.
Wote huvifuata.
Wote husema: nipe jogoo wa vishungi
na mtetea wa vishungi,
nikazalishe, nami niuze.

Siuzi.

Njoo huku jikoni, kuni zimeshika.
Marehemu Remigio, mume wangu, alikuwa na daftari.
Mayai kumi na mawili chini ya koo,
vishungi kwa vishungi,
na kila msimu anahesabu: tisa.
Tisa. Nane. Tisa tena.
Mara moja kumi, siku hiyo alinunua divai.
Alilaumu radi, akalaumu baridi,
akamlaumu koo kwa kutoka kula ovyo,
akanilaumu mimi kwa kufunga mlango kwa kishindo.
Mlango ulikuwa mbovu, bwana. Yeye ndiye hakuutengeneza.

Basi msimu mmoja, vifaranga walipokwisha kukauka,
niliyachukua matatu yaliyobaki, nikayavunja.
Nilitarajia viza. Viza nalijua,
hujitangaza lenyewe kabla hujalifikia.
Haya hayakunuka.
Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, kakunja shingo,
kucha zake, mdomo wake,
na vishungi pande zote mbili,
vizuri kuliko vya baba yake.
Alifika mpaka ukutani.
Hakugonga.

Nilimpelekea Remigio kwenye kijiko.
Alitazama mpaka kahawa yake ikapoa.
Kesho yake akamhamisha jogoo wa vishungi
banda la mitetea wa uso mtupu,
wale aliowaita wafanyakazi.
Siku ya ishirini na moja akaandika: kumi na moja.
Halafu akaacha kuandika.
Daftari lile sasa ni la Rayén, anachoramo farasi.

Kwa hiyo utamchukua huyu jogoo, mwenye makuu,
na huyu hapa, asiye na pambo lolote.
Mwangalie miguu: mikavu, safi, haina magamba.
Anataga katika theluji, analalia bila kususa.
Nusu ya watoto wao watavaa vishungi,
nusu watafanana na mama,
na hao wa mama usiwachinje wote, utanikumbuka.

Unasemaje? Jirani wa ng'ambo ya mto anauza jozi ya vishungi?
Anauza. Tena kwa bei ya kutupa.
Nenda. Ile robo ya kuzika
atakupa bure.

Hm. Nilijua utarudi kukaa.
Elfu thelathini na tano, wote wawili.
Thelathini na mbili ni bei ya uso wa mtu niliyemzoea, wewe sijakuzoea.
Rayén! Lete lile sanduku la ndizi,
toboa matundu, kwanza pande hizo, si juu.
Usiwafungulie redio njiani.
Ukifika, maji kabla ya ngano.

Elfu arobaini? Sina chenji.
Nipe dakika... shika hili, na haya manne.
Bado yana joto, ona rangi,
kama shati la shule lililofuliwa mara nyingi.
La, la, usiyaatamishe.
Hayo ni ya kukaanga.