Ubavu wa Kushoto

"Taa," alisema Bi Zaina Semhando,
mwalimu wa hesabu, Chumbageni,
"ile ya mtu aliyekaa na puto kifuani.
Inawaka wiki ya pili.
Wenzako wameniambia niibandike tepu nyeusi."

Sikucheka. Nusu ya magari ya Ngamiani
yanatembea na tepu jichoni.

Nikamsaili kama tabibu wa zahanati:
ilianza lini? Umeosha zulia? Kiti kimesogezwa?
Akakunja uso. "Nilibeba barafu.
Harusi ya mdogo wangu, Duga.
Ndoo mbili zilivuja."

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
Ikatafuna, ikasita, ikatema:
sensa ya ubavuni, kushoto, ukinzani umezidi.
"Kwa Kiswahili?"
Kwa Kiswahili, Mwalimu, gari lako
limekufa ganzi upande mmoja.

Na mji huu ni wa ubavu.
Mbele utajitazamia mwenyewe;
lakini kila hatua njia panda, kila njia panda
baiskeli, bajaji, kijana wa bodaboda anayeamini
kwamba honi ni breki.
Kinachokuua Ngamiani hakikukabili usoni.

Nikatoa hasi ya betri, nikangoja.
Dakika tatu. Waya za njano hazina utani,
na umeme haukati roho papo hapo.
Mwalimu akatazama saa yake, akahesabu pamoja nami.

Kisha zulia. Kisha mkanda.
Kisha plastiki ya nguzo ya kati; klipu moja ikavunjika,
tak, nikaomba radhi.
Soketi ilikuwa imeota ukijani,
pini moja imebaki nyembamba kama mguu wa sisimizi.
Basi. Hiyo ndiyo hitilafu.
Kazi ya nusu saa na mswaki mkuukuu.

Nikaishika sensa niichomoe.
Ikacheza.

Haitakiwi kucheza. Sensa hukazwa kwenye bati,
bolti mbili, ngozi kwa ngozi,
bati likishtuka nayo ishtuke.
Hii ilifungwa kwa tepu nyekundu,
imeegemezwa kipande cha sponji ya godoro
ili isigongegonge.
Nyuma yake puti, nene kama ugali wa jana:
ubavu huu ulishaingia ndani siku moja.

Inasikia umeme. Haisikii pigo.
Miaka yote ile, taa imezima, kimya, safi,
na mtoto wa dada yake hukaa upande huu.

Tepu ilizungushwa mara tatu,
mkia umekunjiwa ndani.
Hakuna mwingine anayekunja mkia ndani.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mnyoosha bodi alitaka gari Ijumaa,
matundu ya bolti yamemezwa na puti,
taa ikazima, bosi akasema, Kiondo, sasa wewe fundi.
Jioni ile nilijinunulia mishkaki.

"Umepata?" akauliza.
Ningeweza kusema: barafu.
Na ingekuwa kweli.
Nikamwonyesha tepu. Nikamwambia ni ya nani.

Alinyamaza kwa muda wa kufuta ubao.
"Kumbe jibu lilikuwa sahihi," akasema,
"njia ndiyo ya uongo.
Wanafunzi wangu nawapa sifuri kwa hilo."
Akaniokotea spana namba kumi, karibu na kiatu chake.

Nikachimba puti hadi bati tupu. Nikakaza.
Nikaitikisa kwa vidole kama anayejaribu jino:
haikutingishika. Ndipo nikarudisha betri.
Taa ikawaka, ikahesabu sita, ikazima.
Tuliitazama sote wawili kama shahidi
aliyewahi kusema uongo mahakamani.
Hela hakutoa, wala sikuomba.

Amekwenda. Pale njia panda amesimama, ametazama kushoto.
Nami nimekaa juu ya ndoo na kalamu,
najaribu kukumbuka namba za magari,
mwaka ule, kwa bosi, Barabara ya Kumi na Nane.
Januari tulianza na godoro zima,
futi tatu kwa sita.
Kufika Desemba lilikwisha.